Kitochi cha 4G nilichompelekea bimkubwa Pemba: sauti safi, intaneti mtihani

Nianze na jibu kabisa, mwenye haraka asipoteze bando lake. Kama unamtafutia mzazi simu ya kupiga na kupokea, inayokaa na chaji, yenye tochi ya kumulika akienda uani usiku, na wajukuu wakija wapate kuvuta intaneti kupitia hiyohiyo, hichi kitochi cha 4G kinunue na wala usisite. Kama unataka aone picha za harusi kwenye grupu la ukoo, usikinunue, hata muuzaji akikuapia.

Nimekichukua Darajani, Unguja, sitini na kitu elfu baada ya kuvutana bei, nikampelekea bimkubwa Pemba, kwetu Mtambwe, na likizo yote kusema kweli nilikuwa nacho mkononi mimi zaidi kuliko yeye mana n'na ugonjwa wa kuchokonoa simu. Jina la kampuni silitaji na wala halikusaidii kitu, vitochi hivi vimepangwa kwenye kioo kimoja, hichi chekundu hichi cheusi hichi cha dhahabu, majina mbalimbali lakini ukivifungua ni tumbo moja.

Kwa umbo hakina kasoro. Vitufe vikubwa, namba zinaonekana bila miwani, tochi ipo kichwani na ina kitufe chake peke yake pembeni (bimkubwa alikipenda kwa hili kabla hata hajapiga simu), redio inashika bila kuchomeka iafoni, laini mbili, betri ya kutoa na kurudisha. Kwenye boksi wameandika 4G kubwa nyekundu, halafu chini kabisa kwa herufi za kukodolea macho wameandika VoLTE, yaani kupiga simu ya sauti kwa kupitia 4G yenyewe. Kumbe kitu cha kukilipia pesa ni hicho cha chini, ntafika huko.

Kwanza tumalize hili la WhatsApp mana ndo linalogombanisha watu na wauza simu. Kijana wa dukani kanambia "ndugu yangu hii 4G, kila kitu kinaingia humo". Si kweli yakhe. 4G ni namna simu inavyoongea na mnara, basi. Ukishaungwa na mnara utafanya nini, hiyo ni kazi ya mfumo uliomo ndani ya simu, na hichi mfumo wake ni ule mdogo wa kitochi, hauna duka la kushushia programu, una brauza moja tu inayofungua maandishi na vipicha vidogovidogo, ukiipeleka kwenye ukurasa mzito inagota hapohapo. Vipo vitochi vyengine vilivyokuja na mfumo unaoitwa KaiOS, hivyo vilikuwa na WhatsApp kweli na vilivuma sana Tanzania kuanzia 2019 hivi, lakini WhatsApp wenyewe waliiondoa programu yao kwenye duka la KaiOS mwaka 2024, waliokuwa nayo tayari wakapewa muda mpaka mwanzoni mwa 2025. Kwahiyo ukikuta boksi la zamani lina alama ile ya kijani, ujue unaonyeshwa historia. Na siyo vitochi tu, tangu Mei 2025 hata Android iliyo chini ya toleo la 5 na iPhone iliyokwama chini ya iOS 15.1 WhatsApp haizitaki tena, hata ukaziunge kwenye mtandao wa kasi gani. Simu inaweza kuwa na mnara mzuri ikakosa programu, na inaweza kuwa na programu zote ikakosa mnara, watu wanavichanganya hivi viwili halafu wanakwenda kumtukana muuzaji.

Sasa hizi G, yaani vizazi vya mtandao wa simu. Kizazi cha kwanza kilianzia Japani, Tokyo, 1979, simu za ndani ya gari, sauti inakwenda hewani vilevile ilivyo, mwenye kifaa anaweza kukusikiliza unavyozungumza na mkeo, meseji hamna, intaneti ndo usiulize. Sisi huku tulikionja kidogo kwa Mobitel ya miaka ya tisini, simu za matofali, za wakubwa na matajiri. Cha pili ndo kilichotufaidisha: GSM, ilianza kazi Finland tarehe 1 Julai 1991, sauti ikageuzwa namba na ikafichwa, ikaja laini ya kutoa na kutia, zikaja na meseji, ya mwanzo ilitumwa Uingereza Disemba 1992. Kwa Zanzibar ukiitaja GSM umeitaja Zantel, iliyoanza 1999, ile 0777 ambayo mtu akiwa nayo mpaka leo anaitaja kwa maringo. Halafu dunia ikazunguka, wenye Tigo wakainunua Zantel 2015, na Tigo yenyewe ni ileile Mobitel iliyopitia jina la Buzz, na mwisho wa 2024 wote wakaitwa Yas. Wazee wetu wao bado wanasema "n'tumie kwa Zantel" na hakuna wa kuwabadilisha.

GSM haikutengenezwa kwa ajili ya intaneti, ikabidi waipachike baadae. Kwenye mwaka 2000 ikaja GPRS, ndo ile herufi G unayoiona juu ya skrini, kisha EDGE, ndo E. Kizazi cha tatu kikaanza Japani Oktoba 2001, kikaja kuongezwa nguvu kikawa H na H+. Cha nne, LTE, kikawashwa Stockholm na Oslo Disemba 2009, na hapa pana kichekesho, mana kwa masharti ya mwanzo ya shirika la mawasiliano la umoja wa mataifa LTE ile ilikuwa haijafikia kuitwa 4G, kasi yake ilikuwa ndogo, lakini makampuni yalishaandika kwenye mabango, mwisho 2010 wakaruhusiwa jina. Cha tano Korea Kusini, Aprili 2019. Tanzania 5G imewashwa 2022, Vodacom ndo walotangulia. Kila kwenye miaka kumi kizazi kipya, na muuza simu anapata namba mpya ya kuandika kwa rangi nyekundu.

Tofauti ya kasi ipime kwa picha moja ya mtoto, ya mega 2, kama zile za sikukuu. Mega 2 za faili ni biti milioni 16, mana kila baiti ina biti nane, na mitandao wanatangaza kwa biti ndo mana namba zao kubwa kuliko unachokiona kikishuka. Kwenye G ukipata kilobiti 40 kwa sekunde picha hiyo inachukua karibu dakika saba. Kwenye E yenye afya, kilobiti 200, sekunde 80. H ikikupa megabiti 2 ni sekunde 8. 4G ya megabiti 20 hata sekunde moja haifiki. Ila E msiidharau sana, meseji ya maandishi inapita, noti fupi ya sauti inapita kwa kujikongoja, pesa unatuma mana ile *150*00# na wenzake hazihitaji intaneti kabisa, zinapita njia ya mtandao wenyewe wa simu. Ndo mana mtu ana kitochi cha 2G kisichojua intaneti ni nini na anafanya biashara ya samaki ya mamilioni kwacho.

Haya, kwetu sasa. Unguja ni tambarare, Pemba ni kupanda na kushuka, na nyumba ya bimkubwa ipo bondeni, mikarafuu juu kwenye mteremko, migomba chini. Nipo ukumbini kitochi kinaandika E. Natoka uani, E. Napanda kinjia cha kwendea msikitini, nikifika penye mwembe H+, hatua chache mbele, 4G hiyo imejaa. Lakini simu yangu ya kioo, mtandao uleule, palepale ukumbini inakamata 4G vijiti viwili. Nikasema hapa pana jambo, haiwezekani mnara mmoja, nyumba moja, huyu anaona huyu haoni.

Jambo lenyewe ni bendi. 4G hairushwi kwenye wimbi moja, yapo mengi na kila moja lina namba yake, B3 ni megahezi 1800, B1 ni 2100, B7 ni 2600, B8 ni 900, B20 ni 800, B28 ni 700. Wimbi la chini linakwenda mbali, linapenya ukuta, linajipinda juu ya kilima kidogo likashuka upande wa pili. Wimbi la juu linabeba mzigo mkubwa zaidi lakini halifiki mbali, na kilima kikisimama mbele yake basi tena. Kwenye boksi la kitochi ubavuni wameandika B1, B3, B7, B8. Nikashusha programu ya kusoma minara kwenye simu yangu, ikanionyesha pale ukumbini nipo kwenye bendi ya chini ambayo kwenye boksi la kitochi haimo. Ikawa wazi, kwa 4G ya mnara ule kitochi kinaona lile wimbi la juu tu, na lile bondeni halishuki, kwahiyo kinaporomoka mpaka 2G ambayo inakaa chini huko kwenye 900 na inafika. Yaani kitochi ni 4G kweli, mnara ni 4G kweli, na bondeni hawaonani. Kwa hili nakikata alama nyingi, mana wanaonunua vitochi ndo haohao wanaokaa mabondeni na vijijini, na wao ndo walonyimwa bendi ya vijijini.

Mwenye Android anayetaka kujua kwao pakoje bila kushusha chochote, kwenye simu nyingi ukibonya *#*#4636#*#* inafunguka menyu ya majaribio, inakuonyesha aina ya mtandao na nguvu kwa dBm. Namba ina alama ya kutoa mbele, kwa 4G ukiona -85 upo pazuri, ukiona -115 toka hapo ulipo. Hivyo vijiti msiviamini sana, kila kampuni ya simu inavichora inavyotaka.

Mji Mkongwe nao una mtihani wake ingawa hauna mabonde. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nusu mita nene na zaidi, vichochoro vyembamba, jua lenyewe linaingia kwa taabu sembuse wimbi la 2600. Mtu yupo Forodhani 4G imejaa, akiingia nyumba ya ghorofa ya chini anaanza "haloo, haloo, unanisikia". Na kwa wavuvi walio mbali baharini nilikuwa sijui hili mpaka nilipolisoma: GSM ya kawaida hata mnara uwe na nguvu vipi kikomo chake ni kilomita 35, siyo sababu ya nguvu, ni sababu ya muda, mnara unalisubiri jibu la simu kwa muda uliopimwa na likichelewa njiani halipokelewi.

Nikazunguka nyumba nzima na kitochi mkononi, bimkubwa ananitazama anacheka, mpaka nikapata dirisha la chumba cha nyuma, upande unaotazama mlimani. Pale juu ya kizingiti kikisimamishwa kinakamata 4G. Kikilazwa kinaporomoka. Kuanzia siku hiyo ndo makazi yake, kimesimamishwa kwenye kopo la unga wa maziwa.

Na hapo ndo utamu wa VoLTE ulipoanza. Nimempigia dada yangu aliyeko Kwahani, Unguja, kutoka dirishani pale, mtandao mmoja, simu yake nayo ina VoLTE imewashwa, akanambia wewe upo Unguja unanidanganya, mana alikuwa anasikia mpaka kuku uani na mtu anatwanga. Simu ya kawaida tuliyoizoea inakata sauti kati ya hezi 300 na 3,400, kinachozidi kinatupwa, ndo mana kwenye simu herufi s na f zinafanana na ukimtajia mtu namba ya kutumia pesa unairejea mara nne. Hii mpya inabeba kuanzia hezi 50 mpaka 7,000. Kwa mzee ambaye sikio limeanza kuchoka hiyo siyo anasa, bimkubwa kaacha kuitia spika na kupiga kelele, watu wa nje hawajui tena mambo yetu.

Jengine ni kuita haraka. Simu isiyokuwa na VoLTE ikiwa kwenye 4G ukipiga inashuka kwanza 3G au 2G ndo ipige, utaona herufi inabadilika juu na kile kimya cha sekunde kadhaa kabla haijaita. Yenye VoLTE inaita pale pale. Masharti yapo: wote wawili muwe na VoLTE na muwe kwenye 4G, na ukipiga mtandao mwengine mara nyingi unarudi kwenye sauti ile ya zamani. Halafu kwenye hichi kitochi VoLTE imekuja imezimwa, nimeikuta ndani ya mipangilio, ndani ya mtandao, ndani ya laini ya kwanza, chini kabisa. Sijui nani aliyeamua kuificha huko. Naamini wapo watu wengi wana vitochi hivi na hawajawahi hata siku moja kuisikia hiyo sauti waliyoilipia.

Kuna na hili la redio. Bimkubwa ana redio yake, nayo ipo dirishani karibu na simu, na miaka yote kitochi chake cha zamani kikitaka kuita redio inatangulia kufanya "ti-ti-ti, ti-ti-ti, drrrr", yeye anainuka kabisa, "haya, mtu anapiga", kabla simu haijalia. Hiyo ni tabia ya GSM, simu ya 2G hairushi mfululizo, inarusha vipandevipande mara 217 kwa sekunde, kwa nguvu inayoweza kufika wati 2, na redio iliyo karibu inavinasa. Simu ya 4G haina mpigo ule na nguvu yake haizidi wati 0.2 hivi. Kwahiyo kitochi kipya kikiwa kwenye 4G redio haisemi kitu, kikianguka E ti-ti-ti inarudi. Bimkubwa kaligundua mwenyewe, sikumwambia mimi. Nikimpigia sasa hivi ananambia "ngoja nikisimamishe vizuri, redio ilishalalamika". Herufi za juu ya skrini hazisomi wala hazihitaji.

Nilisahau kusema, kabla ya yote hayo palikuwa na kazi ya laini. Laini yake ni ya kale, ya enzi za kukwangua vocha, na zile kadi za 2G haziingii 4G hata simu iwe ya dola elfu. Zile za kale mnara ndo unaoikagua laini, laini haina uwezo wa kuukagua mnara, 4G inataka wakaguane wote wawili. Tukenda Wete kurinyuu, namba ileile kadi mpya. Hapo mashine ya vidole. Gumba hapana, cha shahada hapana, kijana "bibi pangusa kidole", "bibi bonyeza", "bibi polepole usibonyeze sana", foleni nyuma imeanza kuguna. Huyu mama kachambua karafuu umri wake wote, alama za vidole zimesuguka zimekwisha. Mwisho mama mmoja kwenye foleni akatoa mafuta mkobani akampaka kidogo, ikajaribiwa cha kati cha mkono wa kushoto, ikakubali, watu wote mle ndani wakasema alhamdulillahi. Ukipeleka mzee wako nenda asubuhi na chukua mafuta. Na ukishamaliza bonya *106# uangalie namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, usije ukakuta ana laini nne asizozijua.

Hotspoti. Hichi ndo kilichonifanya nikisamehe mengi. Kitochi chenyewe intaneti hakiiwezi kuitumia lakini kuigawa kinaweza, unawasha hotspoti, mjukuu anaunga simu yake ya kioo iliyopasuka ambayo hata laini haishiki tena, anapata 4G vizuri tu, anafanya kazi zake za skuli, na bimkubwa anaona picha za harusi kwa kupitia huko. Yaani kile ambacho muuzaji kaapa kinaingia humo, kinaingia kwa mlango wa jirani. Kasi mchana nimepima mara nyingi inacheza kwenye megabiti kumi na kitu, inatosha video bila kusitasita. Jioni mambo mengine. Baada ya Isha kila mtu karudi nyumbani kashika simu, inaanguka mpaka chini ya 2, na herufi juu bado 4G ileile. Mnara ni kisima cha mtaa, kamba ni moja na ndoo ni nyingi, 4G inakwambia kisima ni kipana tu, haikwambii wangapi wapo kwenye foleni. Baada ya saa tano usiku inarudi.

Angalizo moja kubwa la hotspoti: simu ya mjukuu ikiona Wi-Fi inajua imefika kwenye intaneti ya bure isiyokwisha, inaanza kusasisha programu zote ilizokuwa imezizuia, picha zinapanda juu, video zinajishusha, na bando la wiki la bimkubwa likalala usiku mmoja. Kwenye Android fungua ile Wi-Fi yenyewe kwenye mipangilio, uiambie kuwa ni ya kulipia kwa kipimo, hapo inajizuia. Nimemwekea kijana na nenosiri nimelibadilisha, mana majirani nao hawakuchelewa.

Na tukiwa hapohapo, vijiti vikijaa na 4G ikasimama na intaneti ikawa hamna kabisa, usikimbilie kuzima na kuwasha simu. Herufi na vijiti vinapima kipande cha simu mpaka mnarani tu. Baada ya mnara kuna nyaya, na nyaya zinakwenda mpaka chini ya bahari. Mnakumbuka Mei 2024, zilipokatika nyaya za EASSy na Seacom upande wa Afrika Kusini, wengi wetu Tanzania tulikaa na 4G ya mapambo, simu zinapiga, pesa kwa namba fupi zinakwenda, lakini WhatsApp haifunguki.

Mtu atasema ungeongeza pesa tu ukamnunulia simu ya kioo used. Hewala, lakini tazama kinachouzwa. Hizi zinazotoka Marekani nyingi zimepangwa kwa bendi za kwao, B2, B4, B12, B13, na hizo za kwetu unazikuta nusu, siku ya kwanza dukani Darajani inaonyesha 4G kwa sababu mjini mawimbi yote yapo, ukifika Konde inakuwa H maisha. iPhone 14 ya Marekani haina hata tundu la laini, ni eSIM peke yake, yaani laini isiyo na kadi, nimemuona mtu Mlandege anaigeuzageuza na kile kipini mkononi anatafuta pa kuchoma, kabla hujalipa uliza mtandao wako kama utakupa eSIM kwa namba yako ileile. Za Japani nyingi ni nzuri, safi, ila kwa nyingi kamera inapiga kelele kila ukipiga picha na huizimi, kaa nayo kwenye maulidi uone watu watakavyokugeukia. Na 5G kwa anayeishi Mtambwe ni rangi ya boksi, isipokuwa kama unapanga kukaa na simu hiyo miaka mingi, hapo nakubaliana na wewe, ila angalia bendi zake za 4G kwanza mana huko ndo utakapoishi.

Betri ya kitochi n'naisifu kwa sharti. Kikisimama dirishani kinakaa siku nyingi bila kuguswa. Siku kikibebwa kikawekwa ukumbini ambako 4G inachungulia na kupotea, chaji inakwenda mara mbili yake, mana simu yenye mawimbi hafifu inapaza nguvu kuutafuta mnara na haichoki. Kama kwenu ni hivyo, iweke 2G au 3G tu kwenye mipangilio, utakosa VoLTE lakini utapata usingizi. Chaja yake ni ile pini bapa ya zamani, siyo Type-C, waya ni mfupi wa kutia hasira, na mlio wa kuwasha simu ni mkubwa kupita kiasi, sijapata pa kuupunguza. Spika kwa redio inatosha chumba kimoja.

Ukenda kununua chukua laini yako ya 4G mfukoni, itie hapohapo dukani, ingia kwenye mipangilio uwashe VoLTE, piga simu na utazame juu ya skrini wakati unazungumza: ikibaki 4G chukua, ikishuka H au E rudisha kiooni uombe chengine. Soma ubavu wa boksi, ukikuta kilichoandikwa B20 au B28 pamoja na B3, hata kikizidi elfu kumi na tano hicho ni bora kuliko changu. Chake Chake nimekikuta hichihichi kwa elfu kumi zaidi ya Darajani, Wete kilikuwa kimekwisha.